Stonehenge, Newgrange au Maeshowe: uende wapi kuliona jua linaposimama?

Katika Uingereza na Ireland kuna mahali patatu palipojengwa kati ya miaka 4,500 na 5,200 iliyopita kwa kulielekea jua: Stonehenge, duara la mawe makubwa kusini mwa Uingereza; Newgrange, tuta lenye chumba ndani, mashariki mwa Ireland; na Maeshowe, tuta la namna hiyo katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Anayetaka kwenda mara moja tu huchagua Stonehenge mwezi wa Juni, kwa sababu ndiyo picha aliyoizoea. Kuna watu wanaofaidi sana safari hiyo. Wengine hurudi wamelowa umande, jua hawakuliona, na badala ya mawe wameona migongo ya watu. Tofauti inatokana na jambo moja: ulikwenda kutafuta watu, au ulikwenda kutafuta mwanga?

Siku yenyewe si moja

Solistasi ni pale jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini (20 au 21 Juni) au ya kusini (21 au 22 Desemba), kisha likageuka. Mkazi wa Nairobi hana haja ya kulijali sana: mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa kama dakika kumi. Dar es Salaam hawafikishi hata saa nzima. Orkney ni mambo mengine: mchana wa Juni hupita saa 18, wa Desemba ni saa 6 na dakika chache. Aliyekaa gizani namna hiyo ana kila sababu ya kutaka kujua ni asubuhi ipi mchana umeanza kurudi.

Lililo muhimu kwa msafiri ni hili: karibu na solistasi jua huchomoza na kuchwa karibu mahali pale pale kwa siku nyingi mfululizo. Wiki nzima kabla au baada, halijasogea hata kwa upana wake lenyewe kwenye upeo wa macho, na jicho la kawaida haliwezi kutofautisha tarehe 18 na tarehe 21. Kwa hiyo anayetafuta mwanga hana sababu ya kugombania alfajiri moja na watu elfu ishirini.

Hadithi za kale za Ireland zinalijua jambo hili kwa namna yao. Dagda, mkubwa wa miungu, alimtamani Boann, mwenye mto Boyne, ambaye alikuwa mke wa Elcmar. Akamtuma Elcmar safari ya mbali, kisha akalizuia jua lisitembee kwa miezi tisa, hata Boann akashika mimba na kujifungua katika kile kilichoonekana kuwa mchana mmoja. Mtoto ni Aengus. Alipokua alidai nyumba ya Newgrange kwa ujanja wa lugha: aliomba apewe kwa “mchana na usiku”. Mwenye nyumba alidhani ni siku moja. Aengus akamjibu kwamba dunia yote huishi katika mchana na usiku, basi nyumba ni yake milele. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, maana nasi tukisema mtu anafanya kazi usiku na mchana hatumaanishi saa ishirini na nne.

Stonehenge, Juni: nenda kwa ajili ya watu

Hapa ndipo Wadruidi, wafuasi wa Wicca na wengine wanaozifuata upya dini za asili za Ulaya hukusanyika kwa wingi. Wenyewe hujiita wapagani. Kwa Kiswahili neno hilo ni karibu na tusi; kwao ni jina la heshima, na ukilitumia kwa adabu hakuna atakayekasirika. Solistasi ya Juni ni moja ya sikukuu nane za Gurudumu la Mwaka, kalenda iliyopata umbo lake Uingereza miaka ya 1950. Wengi huiita Litha, jina ambalo Mmarekani Aidan Kelly aliipa sikukuu hiyo miaka ya 1970, akilichota katika majina ya kale ya miezi ya Waanglo-Saksoni yaliyoandikwa na mtawa Bede. Ni mila changa iliyofumwa kwa nyuzi za zamani, na wengi wa wanaoifuata wanalijua hilo vizuri.

Utaratibu ni huu. Usiku huo kuingia ni bure, ila maegesho hulipiwa na hukatiwa tiketi mapema. Kwa kawaida uwanja hufunguliwa saa 1 jioni ya tarehe 20 na kufungwa saa 2 asubuhi ya tarehe 21. Jua huchomoza kama saa 10 na dakika 50 alfajiri. Asiye na gari apande treni kutoka London Waterloo hadi Salisbury, kama saa moja na nusu, kisha basi. Kutoka kituo cha wageni hadi kwenye mawe ni kama kilomita 2.4. Pombe, chupa za kioo, moto wa aina yoyote, hema, mifuko ya kulalia na mbwa haviruhusiwi, wala kupanda juu ya mawe. Mwaka 2025 walikadiriwa watu 25,000.

Makosa hutokea mahali patatu. La kwanza ni mavazi: ni kiangazi, lakini saa nane za usiku kwenye uwanda wa Salisbury nyuzijoto zinaweza kushuka hadi 8 au 9, na majani yanalowa umande kabisa. Vaa kama unakwenda kulala Lushoto mwezi wa Julai, na uchukue kitu kisichopitisha maji cha kukalia.

La pili ni mahali pa kusimama. Mstari wa jua unatoka katikati ya duara kwenda kaskazini-mashariki, kwenye jiwe lililo peke yake nje liitwalo Heel Stone. (Mapokeo yanasema Shetani alilirusha likampiga mtawa kisigino.) Ukitaka kuuona mstari huo lazima uwe ndani ya duara, na ndani hakuna nafasi ya kugeuka kuanzia saa 9 usiku. Ukikosa nafasi usisukumane. Toka nje, simama upande wa mashariki wa duara ambako unaliona jua lenyewe pamoja na nyuso za watu zikipata rangi.

La tatu ni wingu. Katika latitudo ile jua halipandi wima kama kwetu. Hupanda kwa mshazari likielekea kulia, na kila linapopanda kwa upana wake mmoja husogea pembeni kwa zaidi ya upana mmoja na nusu. Cheche ya kwanza hutokea kushoto kidogo kwa Heel Stone, kisha jua hupita juu ya ncha yake. Ukanda mwembamba tu wa mawingu, wa unene wa vidole viwili mkono ukiwa umenyooshwa, unatosha kulichelewesha hadi litokee mbali kulia. Watu hudhani mawe yamekosea.

Kwa anayependa ibada ya pamoja, ngoma za usiku kucha, pembe zikipulizwa, Wadruidi wakitangaza amani kwa pande nne za dunia, hakuna pengine. Na haki ya kuwa pale haikuja bure. Tamasha la wazi lililofanyika kila mwaka tangu 1974 lilizimwa 1985, polisi walipouvamia msafara wa magari tarehe 1 Juni na kuwakamata zaidi ya watu 500. Watu walizuiwa kuingia kwenye mawe wakati wa solistasi hadi mwaka 2000. Ukiwaona wazee wakilia jua linapotoka, baadhi yao wanakumbuka waya na mbwa wa polisi.

Stonehenge, Desemba: jua linalochwa

Hapa tunaungana na wanaakiolojia dhidi ya picha za postikadi. Mhimili, yaani mstari ule ule unaoelekea mawio ya Juni, ukigeuka nyuma, unaelekea machweo ya Desemba. Ule mlango mrefu kuliko yote, mawe mawili yaliyobeba la tatu, ulikuwa upande huo wa kusini-magharibi. Na Durrington Walls, kijiji cha kale kilicho kama kilomita 3 kutoka pale, mifupa ya nguruwe imeonyesha kwamba wengi walichinjwa wakiwa na umri wa kama miezi tisa. Nguruwe waliozaliwa majira ya kuchipua hufikisha umri huo katikati ya baridi. Karamu ilikuwa Desemba.

Uwanja hufunguliwa bure pia kwa mawio ya Desemba (jua hutoka kama saa 2 na dakika 9 asubuhi), na wanaokuja ni maelfu machache. Tarehe hubadilika kati ya 21 na 22 kulingana na mwaka, na kila mara wapo wanaofika siku isiyo yao, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo. Lakini mawio hayo si ya mhimili. Kwa machweo, nunua tiketi ya kawaida siku yoyote kati ya 15 na 20 Desemba, ingia kabla ya saa 9 alasiri wanapoacha kupokea wageni, tembea hadi kwenye njia iliyo karibu na Heel Stone na ugeuke uyatazame mawe. Jua huchwa kama saa 10 jioni, nyuma ya duara. Huwezi kuyagusa mawe siku hizo za kawaida, kuna kamba. Lakini utaona kitu ambacho umati wa Juni haukioni.

Neno kuhusu Wadruidi wa kale, makuhani wa Uingereza kabla ya Warumi, kwa sababu litaulizwa: hawakujenga Stonehenge. Warumi walipoandika habari zao, mawe makubwa yalikuwa yamesimama kwa zaidi ya miaka 2,000. Uhusiano huo ulienezwa na William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, katika karne ya 18. Hadithi ya zamani zaidi, ya Geoffrey wa Monmouth, inasema Merlin, mchawi wa hadithi, aliyahamisha kutoka Ireland. Si Ireland, lakini mawe madogo ya samawati yametoka milima ya Preseli, Wales, na uchunguzi uliotolewa 2024 umeonyesha kwamba lile lililolala katikati lilitoka kaskazini-mashariki mwa Scotland. Mapokeo yalikosea nchi, hayakukosea umbali.

Newgrange: mwanga bora, nafasi finyu

Ni tuta la mviringo lenye upana wa kama mita 85, limezungushiwa mawe 97, lina umri mkubwa kuliko piramidi za Giza. Ujia wa mita 19 unaingia hadi chumba cha ndani. Juu ya mlango kuna kidirisha, na asubuhi za solistasi ya Desemba mwale hupitia humo, si mlangoni, ukatambaa sakafuni hadi mwisho wa chumba. Huanza saa 2 na dakika 58 asubuhi na kudumu dakika 17. Ukiwa umefikia upana wake wote ni kama sentimita 17. Miaka elfu tano iliyopita uliingia jua lilipochomoza tu. Leo unachelewa kama dakika nne, kwa sababu mwinamo wa dunia umebadilika kidogo.

Wenyeji walikuwa wakisema jua huingia mle ndani. Profesa Michael J. O’Kelly, aliyekuwa akipachimbua, alidhani wanachanganya na Stonehenge. Tarehe 21 Desemba 1967 aliingia, akangoja gizani, na mwale ukaja. Kwa wanaodharau simulizi za wazee, hiki ni kisa cha kukaa nacho.

Tatizo ni kuingia. Chumba hubeba watu kama 20, na asubuhi ni sita tu, 18 hadi 23 Desemba. Nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, ambayo huchezeshwa vuli, na maombi yamewahi kupita 30,000 kwa mwaka mmoja. Ukishinda, wingu bado linaweza kukunyima, na hakuna kurudia. Usikate tiketi ya ndege kwa tumaini hilo.

Badala yake fanya hivi: nunua ziara ya kawaida ya kuingia ndani, mwezi wowote. Kila kikundi huzimiwa taa kikaonyeshwa mwale kwa taa ya umeme. Ni bandia, lakini giza ni la kweli, na michoro ya duara tatu zinazosokotana utaiona kwa utulivu kuliko washindi wa bahati nasibu. Kuna sehemu za ujia za kupita upandeupande, umeinama. Anayeogopa mahali finyu ajue mapema. Huwezi kwenda na gari hadi mlangoni. Unaanzia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, ng’ambo ya mto, na kupanda basi lao. Nafasi hujaa haraka kiangazi.

Maeshowe: chaguo letu kwa anayetafuta mwanga

Ni kama Newgrange iliyogeuzwa: hapa ni machweo. Mchana unapokwisha, jua likishuka juu ya vilima vya kisiwa cha Hoy, mwale hupita katika ujia wa kama mita 10 na kupiga ukuta wa nyuma wa chumba. Na hili hutokea kwa takribani wiki tatu kabla ya solistasi na wiki tatu baada yake. Hakuna bahati nasibu. Unakata tiketi ya ziara ya mwisho ya mchana, kama ya mtu mwingine yeyote.

Wingu la leo lina dawa, nayo ni kesho. Ndiyo sababu tunapaweka juu ya Newgrange kwa mtu asiye na uhakika wa kurudi. Ukikaa Orkney siku nne mwanzoni mwa Desemba au wiki ya kwanza ya Januari, unajaribu mara tatu au nne. Epuka siku za Krismasi na Mwaka Mpya, pamefungwa. Ziara huongozwa, basi hutoka kituo cha wageni kilichopo Stenness, picha haziruhusiwi ndani, na ujia unapitwa umeinama sana. Mwenye maumivu ya mgongo au magoti atateseka.

Ndani kuna jambo ambalo kwingine hakuna: maandishi zaidi ya 30 ya runi, herufi za kale za Skandinavia, yaliyochongwa na Wanorse, watu wa huko, karne ya 12. Saga ya Orkney, masimulizi yao ya kale, inasema Krismasi ya 1153 watu wa mtawala Jarl Harald walijificha humo wakikimbia dhoruba ya theluji, na wawili wakapotewa na akili. Wakulima wa jirani, hadi tuta lilipofukuliwa 1861, walisema lina mwenyewe, pepo aitwaye hogboy, mwenye nguvu za kutisha. Kwenye matuta mengine ya Orkney watu walimimina maziwa au pombe kwa ajili ya mlinzi wa namna hiyo. Anayejua mizimu ya mapangoni Pwani, yenye ubani na vitambaa, atalielewa upesi.

Kasoro yake ni safari. Feri ya Scrabster hadi Stromness ni dakika 90 bahari ikiwa shwari, na Desemba mara nyingi si shwari. Hufutwa kwa upepo. Weka siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi nyumbani.

Viza, saa na sadaka

Stonehenge na Orkney ni viza moja. Newgrange ni nchi nyingine: viza ya Uingereza peke yake haimruhusu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania kuingia Ireland, hata kama basi la kutoka Belfast halisimamishwi mpakani. Wengi huligundua wakiwa wamekwisha lipa hoteli. Kama una viza moja tu na pesa ya safari moja, mjadala ni kati ya Stonehenge na Maeshowe, na bei haiko sawa: Stonehenge ni safari ya siku moja kutoka London, Orkney ni siku tano au zaidi ukihesabu njia.

Saa zote hapa juu ni za Kiswahili. Tiketi itaandikwa 14:00, nayo ni saa 8 mchana. Usichanganye, maana mawio na machweo hayana abiria wa kuchelewa.

Kuhusu sadaka: usiache mshumaa, sarafu, utepe wala fuwele popote kati ya mahali hapa patatu. Nta huharibu kuvu-mwani (utando unaoota juu ya mawe) waliochukua karne kukua, sarafu zilizosokomezwa katika nyufa hupasua jiwe baridi ikiingia. Wapagani wenyewe waliokomaa humwaga maji safi kidogo majanini, nje ya mawe, wakaondoka na kila kitu walichokuja nacho.

Na kwa asiye na nauli

Jua hugeuka Tanga na Kisumu pia. Siku ya Mwaka ya Waswahili, ile ya Makunduchi, huhesabiwa kwa siku 365 bila kulitazama jua, ndiyo maana husogea siku moja kila miaka minne katika kalenda ya kawaida. Solistasi unaipata kwa macho.

Tafuta mahali panapoonekana upeo wa mashariki. Simika kijiti cha kwanza usichokiondoa kabisa. Kuanzia tarehe 5 Juni, kila baada ya siku tatu, jua likichungulia tu, msaidizi asimike kijiti kingine kipya kama mita 10 mbele, kikiwa mstari mmoja na cha kwanza na jua. Vijiti vitasogea kushoto, vitasongamana, kisha baada ya tarehe 25 vitaanza kurudi kulia. Mita 10 ni muhimu: ukitumia mita 2, sentimita chache za kukosea kwa mkono zinaficha safari yote ya jua. Kwetu jua hupanda karibu wima, kwa hiyo kilima kidogo hakiharibu kipimo kama kingefanya Orkney. Mti uliokua tangu mwaka jana ndio utakaokusumbua. Pima ukingo wa kwanza tu unapotokea, na usiendelee kulikodolea jua likishakuwa duara zima.